Kuandaa kompyuta yako kwa ajili ya kuchangia Django

Wengi wanaotaka kuchangia programu huria kwa mara ya kwanza huanza kwa kutafuta tatizo la kurekebisha. Ushauri wangu ni kuanza na jambo linalotangulia hilo: kuhakikisha kwamba kompyuta yako inaweza kuendesha msimbo wa mradi jinsi ulivyo leo, kwamba majaribio ya mradi yanapita kabla hujagusa mstari wowote, na kwamba ukiharibu kitu kwa makusudi, majaribio hayo hayo yatakuonyesha kilipoharibika. Mchangiaji asiye na uhakika wa mambo haya matatu hawezi kujua kama hitilafu anayoiona imetokana na mabadiliko yake, na msimbo wa mradi wenyewe, au na mashine yake, na mhakiki atakayesoma kazi yake atalazimika kuutafuta ukweli huo kwa niaba yake.

Mradi nitakaoutumia katika mwongozo huu ni Django, mfumo wa kujengea tovuti kwa lugha ya Python, ambao ulianzia kwenye chumba cha habari cha gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas, Marekani, na kutolewa kwa umma mwaka 2005 chini ya leseni ya BSD. Nimeuchagua kwa sababu za kivitendo. Msimbo wake hauhitaji kukompailiwa, yaani kugeuzwa kwanza kuwa lugha ya mashine, majaribio yake huendeshwa kwa hifadhidata ya SQLite ambayo tayari imo ndani ya Python, na taratibu zake za kupokea michango zimeandikwa kwa ukamilifu kuliko za miradi mingi. Zaidi ya hayo, jumuiya yake si ya mbali na sisi: mkutano wa DjangoCon Africa ulifanyika Zanzibar mwaka 2023, ukarudi Tanzania mwaka 2025, safari hiyo Arusha.

Mashine na vifaa vya msingi

Kompyuta yenye Linux au macOS inatosha. Mwenye Windows anaweza kufanya kazi moja kwa moja ndani ya Windows, lakini namshauri asakinishe WSL, yaani Linux inayoishi ndani ya Windows, kwa sababu maelekezo mengi ya miradi huria yameandikwa kwa kudhani kwamba msomaji ana Linux. Fungua PowerShell kama msimamizi, andika amri ifuatayo, kisha uwashe upya kompyuta:

```
wsl --install
```

Utapata Ubuntu, mojawapo ya aina za Linux. Angalizo moja ni muhimu hapa: weka msimbo wako ndani ya folda ya nyumbani ya Linux, usiuweke chini ya `/mnt/c`, kwa kuwa kusoma faili ndogo ndogo nyingi kupitia njia hiyo ni kwa polepole sana, na majaribio ya Django hugusa maelfu ya faili.

Ndani ya Ubuntu au Debian, sakinisha vifaa hivi:

```
sudo apt update
sudo apt install git python3-venv python3-dev build-essential libmemcached-dev zlib1g-dev gettext
```

Git ndiyo inayotunza historia ya msimbo. `python3-dev` na `build-essential` zinahitajika kwa sababu baadhi ya vifurushi vya Python vinavyotumiwa na majaribio hukompailiwa kwenye mashine yako mwenyewe, na `libmemcached-dev` pamoja na `zlib1g-dev` ni za kifurushi kimoja tu, pylibmc, ambacho huwakwamisha wageni wengi. `gettext` ni ya majaribio yanayohusu tafsiri, na tutaitumia tena baadaye.

Sasa angalia toleo la Python kwa amri `python3 --version`. Django 6.0, iliyotoka Desemba 2025, inahitaji Python 3.12 au zaidi, na tawi kuu la mradi, yaani msimbo unaoendelezwa sasa, haliwezi kuhitaji toleo la chini ya hapo. Ubuntu 24.04 huja na 3.12, kwa hiyo mwenye toleo hilo hana la kufanya. Ubuntu 22.04 huja na 3.10 na Debian 12 huja na 3.11, ambazo hazitoshi. Usijaribu kuibadilisha Python ya mfumo, maana sehemu nyingi za Linux yenyewe zinaitegemea. Sakinisha zana iitwayo uv kwa kufuata maelekezo ya tovuti yake, kisha itumie kuleta Python nyingine kando ya ile ya mfumo. Nitaonyesha amri yake tutakapofika kwenye mazingira pepe.

Utambulisho wako kwenye Git na GitHub

Kila komiti, yaani badiliko lililohifadhiwa kwenye historia ya Git, hubeba jina na anwani ya barua pepe ya aliyeiandika, na ikishaingia kwenye mradi haitafutika. Fikiria kwanza ungependa ulimwengu uone nini. GitHub, tovuti ambako msimbo wa Django umehifadhiwa, humpa kila mtumiaji anwani maalumu inayoficha barua pepe yake halisi, na utaikuta kwenye mipangilio ya akaunti yako, sehemu ya barua pepe. Ukishaamua, andika:

```
git config --global user.name "Jina Lako"
git config --global user.email "anwani-uliyoichagua"
```

Tangu tarehe 13 Agosti 2021, GitHub haikubali tena nywila ya akaunti kwa kazi za Git, kwa hiyo utahitaji ufunguo wa SSH, njia salama ya kujitambulisha bila nywila:

```
ssh-keygen -t ed25519
cat ~/.ssh/id_ed25519.pub
```

Amri ya kwanza hutengeneza faili mbili. Ile yenye mwisho wa `.pub` ndiyo utakayonakili na kuibandika kwenye mipangilio ya GitHub, sehemu ya funguo za SSH. Ile nyingine ni siri yako, na haipaswi kutoka kwenye kompyuta yako kwa sababu yoyote. Jaribu muunganisho kwa `ssh -T git@github.com`, na ukiona salamu yenye jina lako la GitHub, umefanikiwa.

Kama amri hiyo inakaa kimya hadi inakata tamaa, inawezekana mtandao unaoutumia umefunga mlango namba 22, jambo la kawaida kwenye mitandao ya vyuo na maofisi. GitHub hupokea SSH pia kupitia mlango namba 443, ambao ni nadra kufungwa. Fungua faili `~/.ssh/config` na uandike:

```
Host github.com
    Hostname ssh.github.com
    Port 443
    User git
```

Kuleta msimbo bila kumaliza bando

Nenda kwenye ukurasa wa django/django huko GitHub na ubonyeze kitufe cha Fork. Sasa una nakala ya mradi chini ya akaunti yako, na hiyo ndiyo utakayoruhusiwa kuiandika. Hatua inayofuata ni kuikloni, yaani kuipakua kwa Git, kwenye kompyuta, na hapa anayelipia intaneti kwa bando anapaswa kutulia kidogo. Historia nzima ya Django ni takriban MB 250. Ukiomba hali ya sasa tu, bila historia, inashuka hadi takriban MB 70:

```
mkdir -p ~/miradi
cd ~/miradi
git clone --depth 1 git@github.com:JINA_LAKO/django.git
cd django
git remote add upstream https://github.com/django/django.git
git fetch upstream main
```

Kumbuka kwamba Git haiendelezi upakuaji uliokatika katikati. Mtandao ukianguka ukiwa umefika asilimia 90, utaanza upya kutoka sifuri. Kwa mwenye mtandao unaosuasua, hiyo ni sababu nyingine ya kutumia `--depth 1`, na ya kuifanya kazi hii saa ambazo mtandao umetulia.

Nakala isiyo na historia inatosha kwa kuanzia, lakini isiwe ya kudumu. Mchangiaji anayeielewa kazi yake huuliza mara kwa mara kwa nini mstari fulani uliandikwa hivyo, na jibu liko kwenye historia: amri ya `git blame` hukupeleka kwenye komiti iliyouleta mstari huo, na komiti za Django hutaja namba ya tiketi, yaani taarifa ya tatizo, ambamo mjadala wote umehifadhiwa. Siku utakapopata mtandao mzuri, leta historia iliyobaki:

```
git fetch --unshallow
```

Sasa una majina mawili ya mbali. `origin` ni nakala yako, na ndiko utakakosukumia kazi. `upstream` ni mradi wenyewe, na kutoka huko utavuta mabadiliko ya wengine. Ukivichanganya viwili hivi hutaharibu chochote cha mradi, kwa kuwa huna ruhusa ya kuandika `upstream`, lakini utapoteza muda mwingi ukishangaa kwa nini msimbo wako umepitwa na wakati.

Mazingira pepe

Kila mradi wa Python unapaswa kuwa na mazingira yake pepe, yaani folda yenye Python na vifurushi vya mradi huo peke yake. Kwenye Debian na Ubuntu za karibuni, ukijaribu kusakinisha vifurushi nje ya mazingira hayo utakutana na ujumbe wa `externally-managed-environment`, na baadhi ya watu huandika `--break-system-packages` ili waupite. Jina la chaguo hilo linasema wazi kinachoweza kutokea, kwa hiyo usilitumie. Tengeneza mazingira hivi:

```
python3 -m venv ~/mazingira/djangodev
source ~/mazingira/djangodev/bin/activate
```

Aliyelazimika kutumia uv ataandika hivi badala ya mstari wa kwanza, na chaguo la `--seed` ndilo linalohakikisha pip, zana ya kusakinisha vifurushi vya Python, imo ndani:

```
uv venv --python 3.12 --seed ~/mazingira/djangodev
```

Baada ya kuamilisha, jina `(djangodev)` litatokea mwanzoni mwa mstari wa terminali. Kila ukifungua terminali mpya utalazimika kuamilisha tena. Jizoeze kulitazama jina hilo kabla ya kuandika amri yoyote.

Sasa sakinisha Django kutoka kwenye nakala yako:

```
python -m pip install -e ~/miradi/django
```

Herufi `-e` ndiyo kiini cha hatua hii. Bila hiyo, pip ingenakili msimbo na kuupeleka ndani ya mazingira pepe, nawe ungehariri faili kwenye `~/miradi/django` huku Python ikiendelea kutumia nakala ya zamani. Kwa `-e`, Python huusoma msimbo pale pale ulipo, na badiliko lolote unaloliandika linaanza kufanya kazi mara tu unapohifadhi faili. Thibitisha:

```
python -c "import django; print(django.__file__)"
```

Jibu lazima liwe njia inayoanzia kwenye folda yako ya miradi. Likionyesha folda yenye `site-packages`, simama hapo na urudie usakinishaji, kwa sababu kila utakachokifanya baadaye kitakuwa kinajaribu msimbo usio wako.

Vifurushi vya majaribio vina orodha yao:

```
cd ~/miradi/django/tests
python -m pip install -r requirements/py3.txt
```

Hapa ndipo usakinishaji unapokwama mara nyingi, na pip huanguka kwa kumwaga ujumbe mrefu mwekundu unaotisha kuliko kosa lenyewe. Usisome mstari wa mwisho peke yake. Panda juu hadi ulione neno `fatal error`, kwani baada yake kuna jina la faili iliyokosekana, na jina hilo hukuambia kifurushi cha mfumo kinachohitajika. Ikiwa ni `libmemcached/memcached.h`, ulisahau `libmemcached-dev`. Ikiwa ni `Python.h`, ulisahau `python3-dev`. Kisakinishe kwa apt, kisha urudie amri ya pip. Vifurushi vilivyokwisha kupakuliwa huhifadhiwa kwenye `~/.cache/pip`, hivyo kurudia hakuli bando tena, mradi tu usiifute folda hiyo.

Kuendesha majaribio

Usianze na majaribio yote. Anza na kundi dogo:

```
./runtests.py utils_tests
```

Mstari wa kwanza utakaoonekana husema `Testing against Django installed in`, ukifuatiwa na njia ya folda. Usome kila mara, kwa maana ndio uthibitisho kwamba majaribio yanaupima msimbo wako na si Django nyingine iliyobaki mahali fulani kwenye mashine. Kisha nukta zitaanza kujipanga. Kila nukta ni jaribio lililopita. `s` ni jaribio lililorukwa kwa kukosa kitu fulani, kwa mfano hifadhidata usiyokuwa nayo. `x` ni jaribio linalojulikana kwamba litashindwa na wasimamizi wameliacha hivyo kwa makusudi. Herufi za kukusumbua ni mbili tu: `F`, inayosema kwamba matokeo si yale yaliyotarajiwa, na `E`, inayosema kwamba msimbo ulianguka kabla hata ya kufika kwenye ulinganishaji.

Kundi hilo likipita, endesha yote:

```
./runtests.py
```

Django ina majaribio zaidi ya elfu kumi, na huyagawanya kwenye viini vyote vya kichakato. Kompyuta mpya huyamaliza kwa dakika chache. Kwenye mashine yenye kumbukumbu ndogo, mgawanyo huo unaweza kuijaza kumbukumbu hadi mashine ikagande, na dawa yake ni kupunguza idadi ya michakato kwa `./runtests.py --parallel=2`. Itachukua muda mrefu zaidi, lakini itafika.

Lengo ni kuona neno `OK` mwishoni. Kama kuna kushindwa ilhali hujagusa kitu, usikubali kuendelea ukijiambia kwamba hayo hayakuhusu. Angalia kwanza `git status`, ambayo inapaswa kusema hakuna faili iliyobadilishwa. Kisha fungua orodha ya komiti za tawi kuu huko GitHub uone kama ile uliyonayo, ambayo `git log -1` itakuonyesha namba yake, ina alama ya kijani. Ikiwa ni ya kijani huko na ni nyekundu kwako, tatizo liko kwenye mashine yako. Makosa mengi ya `UnicodeEncodeError` kwa pamoja, kwa mfano, mara nyingi humaanisha kwamba mpangilio wa lugha wa Linux si wa UTF-8, na `export LANG=C.UTF-8` huyaondoa.

Haribu kitu kwa makusudi

Hatua hii haimo kwenye miongozo mingi, nami naiona kuwa ya lazima. Majaribio yaliyopita yanaweza kuwa yamepita kwa sababu msimbo ni mzima, au kwa sababu hayakuwa yakiuangalia msimbo wako hata kidogo. Njia ya kutofautisha ni moja.

Django ina kitendakazi kiitwacho `slugify`, kinachogeuza kichwa cha habari kuwa kipande cha anwani ya tovuti. Kijaribu:

```
python -c "from django.utils.text import slugify; print(slugify('Bei ya Karafuu Pemba'))"
```

Utapata `bei-ya-karafuu-pemba`. Sasa fungua faili `django/utils/text.py` kwa kihariri chochote unachokipenda na utafute `def slugify`. Mstari wake wa mwisho hubadilisha nafasi kati ya maneno kuwa kistari, kwa `re.sub` yenye `"-"` kama kibadala. Badilisha kibadala hicho kiwe `"_"`, hifadhi faili, kisha rudia amri ile ile. Ikiwa umesakinisha kwa `-e` ipasavyo, jibu sasa ni `bei_ya_karafuu_pemba`, bila kusakinisha kitu tena. Halafu:

```
./runtests.py utils_tests.test_text
```

Majaribio yatashindwa, na miongoni mwa maelezo utaona kwamba `'hello_world'` hailingani na `'hello-world'`. Usiharakishe kufunga. Soma ujumbe huo wote, kwa kuwa ndio umbo la ushahidi utakaokuwa ukiufanyia kazi: jina la jaribio, faili lilimo, namba ya mstari, thamani iliyopatikana na thamani iliyotarajiwa. Fungua `tests/utils_tests/test_text.py` uone jaribio lenyewe lilivyoandikwa. Ukimaliza, ona ulichobadilisha kisha urudishe:

```
cd ~/miradi/django
git diff
git restore django/utils/text.py
```

Endesha jaribio mara ya mwisho na uhakikishe limepita. Sasa mazingira yako yamethibitishwa pande zote mbili, na unaweza kuyaamini yatakapokuambia kwamba marekebisho yako ni sahihi.

Mapambo, nyaraka na tafsiri

Django hutumia zana za kusawazisha mwonekano wa msimbo, zikiwemo black, isort na flake8, na ombi la kuunganisha mabadiliko lisilozifuata hurudishwa. Ziweke zijiendeshe zenyewe kila unapofanya komiti:

```
python -m pip install pre-commit
pre-commit install --install-hooks
```

Chaguo la `--install-hooks` hupakua zana zote papo hapo, ili usikute upakuaji unaanza siku unapotaka kufanya komiti ukiwa nje ya mtandao. Kwa upande wa nyaraka, sakinisha Sphinx, zana ya kutengeneza kurasa za nyaraka, kwa pip, ingia folda ya `docs` na uandike `make html`. Kurasa zitatokea ndani ya `_build/html`. Hifadhidata nyingine, yaani PostgreSQL, MySQL na Oracle, hazihitajiki mpaka siku utakaposhughulikia tiketi inayozihusu.

Najua baadhi ya wasomaji wamevutwa na jambo moja tu: kuiona Django ikizungumza Kiswahili vizuri. Kiswahili kimo tayari, kwenye `django/conf/locale/sw`, na kwa kuwa ulisakinisha `gettext` unaweza kupima hali yake mwenyewe:

```
msgfmt --statistics -o /dev/null django/conf/locale/sw/LC_MESSAGES/django.po
```

Amri hiyo hutaja idadi ya sentensi zilizotafsiriwa, zenye mashaka na zisizotafsiriwa. Lakini usihariri faili hiyo na kuituma GitHub, kwani tafsiri za Django hupokelewa kupitia Transifex pekee, jukwaa la mtandaoni la kutafsiri programu, na faili zilizomo kwenye hazina ya msimbo huletwa kutoka huko. Jiunge na kundi la Kiswahili la Transifex. Kazi hiyo haihitaji hata kimoja cha vifaa tulivyosakinisha, na ni mchango kamili, hasa ikifanywa na mtu anayesoma tafsiri yake kwa sauti na kujiuliza kama kuna mtu anayesema hivyo.

Kutoka mazingira hadi ombi la kwanza

Tiketi za Django ziko code.djangoproject.com, na unaweza kuingia kwa akaunti yako ya GitHub. Tafuta zenye alama ya `Easy pickings`, ambazo hazina mwenyewe, na ambazo hatua yake ni `Accepted`. Ile yenye `Unreviewed` bado haijakubaliwa kuwa ni tatizo, na kuifanyia kazi ni kuhatarisha muda wako. Kabla ya kujiandikisha kama mmiliki, rudia tatizo hilo kwenye kompyuta yako. Ukishindwa kulirudia, maoni yanayoeleza ulichojaribu na matoleo uliyotumia ni msaada halisi kwa wasimamizi. Marekebisho ya makosa madogo ya tahajia kwenye nyaraka hayahitaji tiketi.

Anza tawi jipya kutoka kwenye hali ya sasa ya mradi, ukiweka namba halisi ya tiketi:

```
git fetch upstream main
git switch -c ticket_NAMBA upstream/main
```

Andika jaribio kwanza, na uhakikishe linashindwa kwa sababu ile ile iliyoelezwa kwenye tiketi. Ndipo uandike marekebisho, uendeshe kundi linalohusika, kisha majaribio yote. Ujumbe wa komiti una umbo lake: `Fixed #NAMBA -- `, kisha sentensi moja ya Kiingereza ya wakati uliopita inayoishia kwa nukta. Sukuma kwa `git push origin ticket_NAMBA`, fungua ombi la kuunganisha kutoka kwenye ukurasa wa nakala yako, halafu rudi kwenye tiketi na uweke alama ya `Has patch`. Tiketi isiyo na alama hiyo haionekani kwenye foleni ya wahakiki, na ombi linaweza kukaa muda mrefu bila mtu kulifungua.

Mhakiki akiomba mabadiliko, yafanye kwenye tawi lile lile. Kama tawi kuu limesogea, lilinganishe nalo na usukume tena:

```
git fetch upstream main
git rebase upstream/main
git push --force-with-lease origin ticket_NAMBA
```

Baada ya kulinganisha, endesha tena amri ya pip ya `requirements/py3.txt`, kwa kuwa orodha ya vifurushi hubadilika, na kushindwa kwa majaribio baada ya `rebase` mara nyingi hutokana na kifurushi kilichopitwa na wakati.

Mwishowe unaweza kuona ombi lako limeandikwa `Closed` badala ya `Merged`. Usidhani limekataliwa. Wasimamizi wa Django mara nyingine huunganisha komiti kutoka kwenye kompyuta zao wenyewe, wakiipanga upya au kurekebisha ujumbe wake, na GitHub haitambui kwamba ni komiti ile ile. Hakikisha kwa kuitafuta:

```
git fetch upstream main
git log upstream/main --grep="#NAMBA"
```

Ikionekana hapo ikiwa na jina lako, futa tawi la zamani kwa `git switch main` na `git branch -D ticket_NAMBA`. Herufi kubwa `D` inahitajika kwa sababu Git nayo haitaitambua komiti iliyopangwa upya, na `-d` ndogo itakataa.